Mume wangu amemaliza udiwani baada ya vipindi viwili. Kisheria anastahili nini?

Mama Mawese, Kigoma

Habari za humu ndugu zangu. Naomba anayejua sheria anisaidie, maana mtaani nimechoka kusikia kila mtu na lake.

Mimi ni mke wa aliyekuwa diwani. Kata yetu iko mwambao wa kaskazini wa Ziwa Tanganyika, huku ambako ukitaka kufika mjini unapanda boti na kuteremkia Kibirizi. Mume wangu aliingia kwenye udiwani kwa uchaguzi wa 2015, akarudi 2020, na 2025 kura za maoni hazikutosha. Kabla ya hapo alikuwa mwenyekiti wa kijiji. Sijaja kulalamikia kura. Aliyeshinda tumemuunga mkono na tunamwombea heri.

Ninachotaka kujua ni haki yake. Tangu baraza livunjwe, watu wanatuangalia kana kwamba kuna gunia la pesa limefichwa uvunguni. Shemeji yangu amekuja kuomba mahari ya mwanawe "ikitoka ile ya kiinua mgongo". Mwenye duka la vifaa vya ujenzi amemwambia mume wangu achukue bati tu, atalipa akishalipwa. Alipwe na nani? Tumekaa, tumesubiri, hakuna barua wala simu.

Nieleze kidogo maisha ya nyumba ya diwani ili mtakaojibu mjue nazungumzia nini.

Posho ya mwezi ilikuwa shilingi 350,000, na posho ya kikao pale baraza linapokaa. Hiyo 350,000 haikuwahi kulala ndani ya nyumba yangu. Sisi tuko mbali na hospitali kubwa. Mjamzito akishindwa usiku, watu hawaendi kumgongea mwenye boti, wanakuja kwa diwani, kwa sababu mwenye boti anataka kwanza aone hela ya petroli. Mume wangu anatoka na shati begani, anampigia mwenye boti, anamwambia "andika kwangu". Na kwangu kukaandikwa kweli.

Kwenye sanduku langu la nguo nilikuwa naweka jora la bafta. Mtu akifiwa saa za usiku, maduka yamefungwa na mjini ni mbali, anapiga hodi kwetu. Nawasha taa, natandika bafta mkekani, nauliza urefu wa marehemu, nakata, nakunja pamoja na pamba na ubani, nampa. Kama ni mtoto nakata kipande kifupi, na hapo ndipo mkono unakuwa mzito. Hakuna aliyewahi kurudisha bei ya bafta na mimi sikudai, sanda haidaiwi. Lakini jora likiisha, la kununua jingine lilitoka kwenye mawese yangu, halikutoka halmashauri.

Halafu mwaka 2024 Serikali ilifunga uvuvi ziwani, kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, ili samaki wazaliane. Naelewa sababu na naiunga mkono, dagaa walikuwa wamepungua sana. Ila kata nzima inakula kwa ziwa. Miezi ile mitatu asubuhi nikifungua mlango nakuta akina mama wamekaa barazani, hawasemi kitu, wanasubiri tu mheshimiwa aamke. Utamwambia nini mwenzako ambaye jana watoto wake walilalia uji wa chumvi? Unapima unga. Shamba letu la michikichi la bondeni, ambalo alirithi kwa baba yake, nusu tuliuza mwaka ule.

Sasa maswali yangu. Diwani ana kiinua mgongo kwa sheria, au hana? Ana pensheni? Na akitangulia yeye, mimi kama mjane natambulika popote? Naomba na mwenye kujua habari za wenyeviti wa vijiji aseme, kwa sababu miaka ile ya uenyekiti hakulipwa chochote kabisa, na muhuri wa kijiji aliutunza ndani ya kopo la maziwa ya unga akagongea watu barua bure.

Mstaafu wa Kasulu

Pole mama, na hongera, maana utumishi huo mliufanya wawili.

Nilifanya kazi upande wa utumishi wa serikali za mitaa hadi nilipostaafu, kwa hiyo nitakujibu kama nilivyowajibu madiwani wengi waliokuja mezani kwangu na swali hilohilo.

Mafao ya wanasiasa yanatolewa kwa Sheria ya Mafao ya Hitimisho la Kazi kwa Viongozi wa Kisiasa ya mwaka 1999, Sura ya 225. Imewataja Rais, Makamu wa Rais, Waziri Mkuu, Spika, mawaziri na manaibu wao, wabunge, wakuu wa mikoa na wakuu wa wilaya. Diwani hayumo. Mwenyekiti wa kijiji hayumo. Hapo ndipo jibu la swali lako la kwanza na la pili lilipo, na najua si jibu ulilolitaka.

Na hata hao waliotajwa hawalingani. Rais mstaafu ana pensheni ya kila mwezi ya asilimia 80 ya mshahara wa Rais aliyepo madarakani, maana yake mshahara wa aliyepo ukipanda na yake inapanda. Juu ya hapo kuna matibabu, ulinzi, magari, nyumba na wahudumu. Mjane wake naye ametajwa kwenye sheria. Mbunge hana pensheni ya kila mwezi. Yeye ana kiinua mgongo, analipwa mara moja Bunge likimaliza muda wake. Mwaka 2015 magazeti yaliandika kwamba kila mbunge anaondoka na zaidi ya shilingi milioni 200. Habari hizo ndizo zilizofika hadi kwa shemeji yako. Amesikia "mwanasiasa", akadhani diwani naye ni walewale.

Ukiuliza kwa nini mbunge yumo na diwani hayumo, soma Katiba ibara ya 73: wabunge watalipwa mshahara, posho na malipo mengine kwa mujibu wa sheria iliyotungwa na Bunge. Mwenye mafao ndiye anayepiga kura ya "ndiyo" mle ndani. Juni 2016, Dkt. Philip Mpango, mwana Buhigwe, akiwa Waziri wa Fedha, alipendekeza msamaha wa kodi kwenye kiinua mgongo cha wabunge uondolewe. Mliokuwa mnafuatilia Bunge mnakumbuka wabunge wa pande zote walivyosimama kupinga. Diwani hana mtu wa kusimama namna hiyo kwa ajili yake.

Sasa usikate tamaa yote. Kama kuna malipo yoyote ya kumaliza muda kwa madiwani, yatakuja kwa maelekezo ya TAMISEMI, ofisi inayosimamia serikali za mitaa, na lazima yawe kwenye bajeti. Na kama kuna posho za miezi au vikao ambavyo mume wako hakulipwa, hilo ni deni halali. Andikeni barua kwa Mkurugenzi wa halmashauri, muulize yote mawili. Msiulize kwa mdomo.

Mwalimu wa Nguruka

Dada yangu, nimesoma maneno yako ya sanda nikanyamaza kidogo. Mungu akulipe. Lakini naomba nikwambie upande wa pili bila kukuvunjia heshima.

Mimi kila mwezi nakatwa asilimia 5 ya mshahara inakwenda PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, na mwajiri anaweka 15. Nilipoajiriwa, mstaafu wa mfuko wetu alikuwa anachukua nusu ya mafao kwa mkupuo. Kuanzia Julai 2022 ikawa asilimia 33, na kanuni yenyewe ya kukokotoa mafao, kikokotoo, nayo ikabadilishwa. Bajeti ya 2024/25 ndiyo ikatupandisha hadi 40. Nimeshika chaki huku Uvinza tangu ujana wangu, nimezunguka shule ambazo nyumba ya mwalimu haina mlango, na bado mkupuo wangu ni wa kupiganiwa.

Diwani hakukatwa hata senti. Aliomba kazi mwenyewe, akapiga kampeni mwenyewe. Kiinua mgongo chake kitoke kwenye mfuko gani? Kwenye mfuko wangu? Tukianza na madiwani watakuja viti maalum, watakuja wenyeviti wa vitongoji, na nchi ina vitongoji vingi mno. Na hizo hela za petroli na unga, samahani dada, nyingine zilikuwa ni kampeni ya miaka mitano. Wananchi wenyewe tumewazoesha.

Mimi ningeona afadhali tufuate Zanzibar. Kule tangu 2016 mzee akifika miaka 70 anapata Pensheni Jamii, awe alikuwa diwani, mvuvi au mama wa nyumbani. Na viongozi wapungue kujipendelea. Kigoma tunao mfano: 2011 Zitto Kabwe akiwa mbunge wa Kigoma Kaskazini, jimbo lenu hilohilo la mwambao, alikataa posho za vikao kwa hoja kwamba kuhudhuria kikao ni sehemu ya kazi ambayo tayari analipiwa mshahara.

Mama Mawese, Kigoma

Mzee wa Kasulu, ahsante sana. Umeniumiza lakini umenitoa gizani. Nimemsomea mume wangu jibu lako lote. Amesema alikuwa analijua, hakutaka kuniambia kwa sababu aliona nina matumaini. Tumeongea usiku mzima, na shemeji kapigiwa simu asubuhi aache kusubiri mahari.

Mwalimu, nimekusikia na sikukasirika. Kaka yangu mkubwa ni mwalimu mstaafu, hicho kikokotoo nakijua machozi yake. Ila kwenye unga nakukatalia. Mume wangu mwaka 2024 hakuwa anatafuta kura, alikuwa anatafuta mahali pa kujificha asione watoto wenye njaa. Mbunge ana Mfuko wa Jimbo kwa sheria ya 2009, kwa ajili ya miradi. Diwani anayelala na watu hao kijiji kimoja hana mfuko wa aina yoyote, na njaa haiji na andiko la mradi. Njoo ukae wiki moja kwenye baraza yangu ndipo useme ni kampeni.

Lakini kuna neno lako moja nimelibeba, la kukatwa. Hapo umesema kweli tupu. Hakukatwa. Na kwa nini hakukatwa? Tangu bajeti ya 2021/22 Serikali Kuu ndiyo inayolipa posho za madiwani wa halmashauri zenye mapato madogo, moja kwa moja kwenye akaunti zao. Kama Hazina inaweza kuingiza 350,000 kila mwezi, ingeweza vilevile kubakiza kumi ya mia ikaipeleka kwenye mfuko, na mwajiri akaongeza yake kama anavyokuongezea wewe. Miaka kumi ya udiwani ingekuwa imejenga kitu. Sitaki mamilioni ya mbunge. Sitaki gari. Nataka diwani na mwenyekiti wa kijiji wakatwe kama mwalimu anavyokatwa, wachangiwe kama anavyochangiwa, na akitoka awe na kadi ya mfuko mkononi. Hiyo haitoki mfukoni mwako, mwalimu. Inatoka kwenye jasho lake mwenyewe na kwa yule aliyemtumia.

Na nitasema na hili hata kama litawaudhi wengine. Mtu akijua kwamba siku akitoka hana kitu, anaanza kujiandalia akiwa bado ndani. Viwanja vya kijiji vinavyouzwa kinyemela, muhuri unaogongwa kwa elfu kumi, tunavijua. Mume wangu hakufanya hivyo na ndiyo sababu tumebaki na nusu shamba. Ningependa mwenzake anayekuja asilazimike kuchagua kati ya uaminifu na uzee wake.

Dereva wa Isevya, Tabora

Shikamoo mama. Nimepita tu nikaona nami niseme, maana hapa mnaongelea waheshimiwa wenyewe na sisi tuliokuwa nao hatutajwi.

Mimi nilikuwa dereva wa mbunge mmoja, simtaji. Vikao vikianza tunatoka Tabora alfajiri, Nzega, Igunga, Singida, jioni tuko Dodoma. Vikao vikiisha tunageuza, na jimboni ndiko kwenye kazi zaidi: misiba, harusi, mikutano ya AMCOS, vyama vya ushirika vya wakulima, wakati wa masoko ya tumbaku, usiku kwenye vumbi narudi naosha gari kwa taa ya simu ili kesho aonekane vizuri. Nilikuwa nalipwa mkononi. Mkataba hakuna, kadi ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, hakuna, nikiuliza ananiambia "wewe ni mdogo wangu".

2025 hakurudi. Akaniita, akachukua ufunguo, akanipa nauli na akaniambia Mungu atanifungulia. Kiinua mgongo chake nasikia alishalipwa. Mimi sasa naendesha bajaji ya mtu stendi, na mguu wa kulia wa kukanyagia mafuta umeanza kufa ganzi. Je, Bunge linanitambua mimi?

Mstaafu wa Kasulu

Dereva, Bunge halikutambui kwa sababu halikukuajiri. Mwajiri wako ni yule mheshimiwa, na hapo sheria iko upande wako kuliko unavyodhani. Mtu binafsi akiajiri hata mfanyakazi mmoja anapaswa kumwandikisha NSSF na kupeleka asilimia 20 ya mshahara kila mwezi. Kumi anaweza kukukata wewe, kumi ni yake. "Mdogo wangu" haifuti hilo. Nenda ofisi ya NSSF hapo Tabora mjini, waambie uliajiriwa na nani, lini hadi lini, kwa kiasi gani. Kudai michango kwa mwajiri ni kazi yao. Peleka chochote ulicho nacho: miamala ya simu kama aliwahi kukutumia mshahara huko, risiti za mafuta zenye namba ya gari, picha, majina ya watu wa ofisi ya jimbo waliokuwa wakikuona.

Kuhusu kuachishwa, kuna Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA. Malalamiko ya kuachishwa isivyo halali yanapelekwa ndani ya siku 30, madai mengine ya kazi ndani ya siku 60. Zikipita unaomba kuongezewa muda kwa kueleza sababu, kwa hiyo usikae tena. Na mguu huo uonwe na daktari kabla hujarudi kwenye usukani.

Mama, hoja yako ya kukatwa nimeipenda. Iandikeni na mume wako, muipeleke kwa mbunge wenu mpya na nakala iende ALAT, jumuiya ya serikali za mitaa. Madiwani waliopo sasa ndio wanaopaswa kuibeba wakiwa bado wanapokea posho, wakitoka hawasikilizwi tena.

Mama Mawese, Kigoma

Tutaandika. Mume wangu ameshaanza na daftari, ana mwandiko mzuri.

Kwangu binafsi, nikiwa mjini kupeleka mawese nilipita NSSF nikauliza habari za mtu aliyejiajiri. Wamenieleza kwamba mkulima na mfanyabiashara mdogo anaruhusiwa kuchangia mwenyewe, na pensheni ya uzeeni inataka michango ya miezi 180. Mimi nina miaka 44. Nikianza sasa nitakuwa na 59 nikitimiza. Mume wangu ana 58, kwake muda umekwenda, kwa hiyo nitachangia mimi kwa ajili yetu wawili. Tumekubaliana nusu shamba lililobaki haliuzwi, na bafta nitaendelea kuweka kidogo, majirani ni walewale.

Mdogo wangu wa Tabora, nenda NSSF, usimwonee haya mtu.

Mzee wa Kasulu, swali la mwisho. Barua ya Mkurugenzi tunaipeleka Jumatatu kwa boti ya asubuhi. Tuambatanishe nini?

Mstaafu wa Kasulu

Nakala ya fomu iliyomtangaza mshindi kwa chaguzi zote mbili, 2015 na 2020. Kama hamna, tajeni kata na mwaka, wao wana kumbukumbu. Taarifa ya benki kuanzia Julai 2021, iombeni tawini, itaonyesha mwezi ambao posho haikuingia. Mihtasari ya vikao vya baraza yenye jina lake kwenye mahudhurio, hasa kikao ambacho hakulipwa. Namba ya simu na akaunti viwe ndani ya barua yenyewe.

Toeni nakala mbili. Moja inabaki masjala, nyingine igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe mrudi nayo nyumbani. Msiondoke dirishani bila huo muhuri, hata kama boti ya kurudi inawaacha.